Njia ya pumzi ya mtoto haingoji kesho



Mtazame binti anapojitayarisha kwenda madrasa. Mkono mmoja umeshika ushungi chini ya kidevu, mwingine unaupitisha begani. Pini mbili tatu zimebanwa midomoni, kwa kuwa mikono yote ina kazi. Nduguye anamwita kutoka uani. Anageuka ili amjibu, au anachekeshwa, au chafya inamjia. Mwanadamu hawezi kujibu, kucheka wala kupiga chafya pasipo kwanza kuvuta pumzi, na pini iliyo mdomoni huifuata pumzi hiyo.

Madaktari wa Uturuki, Misri na nchi nyingine za Waislamu wamekwisha kuandika mengi juu ya pini hizi, hata zikawa na jina lao katika vitabu vya tiba. Wagonjwa wao wengi ni wasichana waliokaribia kubaleghe na wale waliobaleghe karibuni, yaani umri ule ule ambao binti huanza kujifunga hijabu mwenyewe bila kusaidiwa na mama. Hijabu haina kosa hapa. Kosa ni kuufanya mdomo kuwa mfuko wa pini, desturi ambayo mafundi cherehani nao wanayo, wanawake kwa wanaume. Kijito kidogo cha kuchomekea pini kikiwekwa mbele ya kioo, au ushungi ukishonwa ili usihitaji pini, jambo hili huisha. Nasema hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya makala hii inahusu upasuaji, na upasuaji bora kuliko wote ni ule ambao mtoto hakuuhitaji.

Sasa tuingie kooni. Nyuma ya ulimi zipo njia mbili: umio, unaopeleka chakula tumboni, na mbele yake njia ya hewa. Kila tunapomeza, kidakatonge na misuli ya zoloto huifunga njia ya hewa kwa kitambo kidogo, kisha huifungua. Chini ya zoloto linaanza bomba lenye pingili za gegedu, zenye umbo la herufi C, zilizo wazi upande wa nyuma. Kwa mtoto mchanga bomba hilo lina urefu wa sentimita 4 hivi, na upana wake haufiki ule wa penseli. Likishateremka kifuani hugawanyika mara mbili, na tawi la kulia ni pana na limenyooka kuliko la kushoto. Ndiyo sababu vitu vingi vinavyopotea njia hukutwa upande wa kulia.

Udogo huo una hesabu yake, nayo naomba kila mzazi aielewe. Tuseme njia ya mtoto ina upana wa milimita 4. Ukuta wake ukivimba kwa milimita 1 tu kuzunguka pande zote, upana uliobaki ni milimita 2, lakini nafasi ya kupitisha hewa haibaki nusu, inabaki robo. Uvimbe kama huo kwa baba mtu huenda ukamkwaruza sauti kwa siku mbili tatu na kazini akaenda. Kwa mwanawe ni suala la uhai.

Mtoto akipaliwa na kitu kikaingia njia ya hewa, hukohoa kwa nguvu, macho hutoa machozi, uso hubadilika rangi, na nyumba nzima hukimbia. Kisha, baada ya dakika chache, kikohozi hukoma. Mtoto anarudi kucheza, na watu wanamshukuru Allah na kuendelea na shughuli zao. Hapa ndipo wazazi wengi huponzwa. Kukoma kwa kikohozi si dalili kwamba kitu kimetoka. Zoloto ndilo lenye ukali mkubwa wa kuhisi; kitu kikishalipita na kutua chini, kikohozi hupoa ijapokuwa kitu bado kimo. Hupita siku, pengine majuma, ndipo kinapoanza kikohozi kipya, homa, na mlio wa filimbi kifuani. Mtoto hupewa dawa ya maji ya kikohozi, kisha dawa ya pumu, kisha ya homa ya mapafu, na kila mara hupata nafuu kidogo na kurudia. Homa ya mapafu inayorudi upande ule ule inapaswa kumfanya mzazi akumbuke: je, alipata kupaliwa?

Swali hilo lina uzito kuliko picha. Pini huonekana katika eksirei kwa sababu ni chuma. Karanga haionekani, wala mbegu ya ubuyu, wala kipande cha plastiki. Kwa hiyo picha safi haitoshi kuondoa shaka, na daktari mwenye ujuzi atayapa maneno ya mama uzito mkubwa kuliko karatasi nyeusi aliyoishika. Mama aseme wazi: alikuwa akila kitu gani, saa ngapi, alikohoa kwa muda gani. Na binti asiogopeshwe. Msichana aliyekwisha kukatazwa mara kumi kuweka pini mdomoni, akiivuta ya kumi na moja, hofu ya fimbo inaweza kumnyamazisha mpaka mapafu yaoze. Aulizwe kwa upole, na akikiri asiadhibiwe.

Katika saa yenyewe ya kupaliwa, mtoto anayekohoa kwa nguvu, anayelia au kusema, aachwe akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mikono yetu. Asiyeweza kukohoa wala kutoa sauti ndiye wa kushughulikiwa papo hapo. Aliye chini ya mwaka mmoja alazwe kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, apigwe mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Pasipotoka kitu ageuzwe chali, na katikati ya kifua pabonyezwe mara 5 kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka ainamishwe na kupigwa mgongoni vivyo hivyo mara 5, kisha usimame nyuma yake, ngumi yako iwe juu kidogo ya kitovu, na uvute kwa ndani na kwa juu mara 5. Uendelee kubadilisha hivyo huku mwenzako akitafuta gari. Usipeleke kidole kooni kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi.

Lipo pia lile tonge la ugali. Wengi wetu tulilishwa tonge kubwa utotoni ili kusukuma mwiba wa samaki. Tonge hupita umioni. Haliwezi kufika penye kitu kilicho katika njia ya hewa, na hilo peke yake lingetosha kuliacha. Lakini kuna zaidi. Mtoto huyu huenda akahitaji dawa ya usingizi muda si mrefu, na tumbo lililojaa ni hatari, kwani aliyelala usingizi huo anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Daktari hulazimika kusubiri saa 6 baada ya chakula kizito, au kuingia kazini akiwa na hofu ya ziada. Basi njiani kwenda hospitali asipewe ndizi, wala mkate, wala chai.

Tiba yenyewe, mara nyingi, haina hata mkato mmoja. Hadi mwishoni mwa karne ya 19, aliyevuta mfupa au mbegu mpaka kifuani alikuwa katika hatari kubwa ya kufa kwa usaha wa mapafu. Mwaka 1897, katika mji wa Freiburg huko Ujerumani, tabibu Gustav Killian alipitisha bomba lililonyooka kupitia mdomoni mwa mgonjwa na kutoa kipande cha mfupa kutoka katika tawi la njia ya hewa. Baada yake Chevalier Jackson wa Philadelphia, Marekani, aliiendeleza kazi hiyo kwa miongo kadhaa na kuhifadhi kila alichokitoa kwa watu: pini, vifungo, sarafu, mifupa, vitu zaidi ya 2,000, ambavyo leo vimewekwa katika jumba la makumbusho la Mütter katika mji huo huo. Anayedhani kwamba mwanawe ni mwerevu mno kuvuta kitu cha kipuuzi angenufaika kuzitazama droo zile.

Hivi ndivyo inavyofanyika leo. Mtoto hulazwa usingizi. Daktari bingwa wa masikio, pua na koo huingiza bomba jembamba la chuma kupitia mdomoni, likapita zoloto na kushuka. Ndani yake kuna darubini yenye taa, na ubavuni pana tundu ambalo daktari wa usingizi hupitishia hewa ya oksijeni. Madaktari hao wawili wanagawana njia moja nyembamba, mmoja kwa kazi na mwingine kwa kumpumzisha mtoto, na lazima waelewane kwa ishara. Kitu hukamatwa kwa koleo ndefu. Pini ina tabia yake: kichwa, kwa kuwa ni kizito, hutangulia chini, na ncha hubaki imeelekea juu, tayari kuuchoma ukuta wakati wa kuvutwa. Fundi mwenye uzoefu huitafuta ncha kwanza na kuiingiza ndani ya bomba lake, ndipo avute. Ikiwa pini imekwisha kuteleza hadi matawi madogo ambako bomba halifiki, hapo huenda kifua kikafunguliwa. Tofauti ya hali hizo mbili aghalabu huletwa na siku zilizopotea nyumbani.

Kwa watoto wadogo adui si pini bali ni mbegu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hana magego ya kutosha kusaga, naye hula akikimbia. Karanga ina mafuta yanayowasha ukuta wa njia ya hewa na kuuvimbisha. Harage hunywa unyevu na kukua hapo hapo lilipo. Karanga nzima na korosho nzima zisipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, zisagwe. Ubuyu wa rangi unaouzwa kwenye vipakiti ni mtamu, lakini kila punje ina mbegu ngumu, nao si wa mtoto anayetambaa. Mwezi wa Ramadhani tende zitolewe kokwa kabla ya mkeka wa futari kutandikwa, kwani mikono midogo hufika sahanini kabla ya adhana. Na katika sunna ya tahnik, tende ilainishwe kabisa na ipakwe kwenye kaakaa la mtoto mchanga. Isiachwe nyama ya tende mdomoni mwake.

Wapo watoto ambao hawakupaliwa na chochote, nao wanapumua kwa mlio. Mzazi asikilize mlio huo unakuja wakati gani. Ukija wakati wa kuvuta pumzi, tatizo kwa kawaida liko juu, kwenye zoloto au karibu yake. Ukija wakati wa kutoa, liko chini zaidi, kama ilivyo katika pumu. Mtoto mchanga anayeanza mlio wa kuvuta katika majuma ya mwanzo, ukazidi akilia au akilazwa chali, aghalabu ana gegedu laini za zoloto zinazojikunja kila anapovuta. Wengi wao hupona bila kisu kabla ya kutimiza miaka miwili. Upasuaji mdogo huwafaa wachache: wasioongezeka uzito, wanaobadilika rangi, wanaokatika pumzi usingizini. Lakini kujua yupi ni yupi ni kazi ya daktari aliyetazama kwa darubini, si ya jirani.

Hapo ndipo kinapoingia kimeo. Katika miji na vijiji vyetu, mtoto akikohoa sana au akipumua kwa kelele, bado wapo wanaomchukua kwa mkata kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Hakimo ndani ya njia ya hewa, wala hakiwezi kuifunga ile njia iliyo chini ya zoloto. Anayekikata kwa kisu kisichochemshwa huleta damu isiyokoma, usaha, pengine pepopunda, na maradhi yenyewe hayajaguswa. Wazee wetu walifanya walivyojua. Sisi tunajua zaidi, na mtoto wa leo ana haki ya kunufaika na ujuzi huo.

Mfano mkali zaidi ni mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye sauti yake imekwaruza kwa miezi mingi. Nyumbani husemwa amepiga kelele mno, zahanati husemwa ni pumu, mtaani husemwa ni kimeo. Kumbe katika nyuzi za sauti yake zimeota nyama mithili ya sunzua, zinazosababishwa na kirusi cha HPV, hasa aina ya 6 na ya 11, ambacho kwa kawaida mtoto hukipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Mama asilaumiwe wala asifikiriwe vibaya. Kirusi hiki kimeenea mno duniani na wengi wanacho bila kujua. Nyama hizo hukua kimya kimya mpaka njia inakaribia kuziba, na mtoto huletwa hospitali usiku akiwa anahema kwa mbavu. Daktari huziondoa kupitia mdomoni, nazo huota tena, naye huziondoa tena. Wapo watoto wanaolala kwenye meza hiyo mara kumi na zaidi, mpaka maradhi yachoke. Baadhi ya chanjo za HPV hukinga aina hizo mbili pamoja na zile za saratani ya mlango wa kizazi. Australia ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2007, na watoto wapya wenye maradhi haya wamepungua mno huko. Wazazi wanaosita kuhusu chanjo hiyo ya mabinti waliingize jambo hili katika mizani yao.

Nimebakisha lile linaloogopwa kuliko yote: tundu la shingoni, ambalo madaktari huliita trakeostomi. Baba huambiwa kwamba njia ya juu imeziba au imebana, na kwamba mtoto ataishi iwapo atatobolewa chini ya zoloto na kuwekewa bomba dogo la kupumulia. Baba huyo huomba muda akashauriane na ukoo. Wengine huondoka na mtoto wasirudi. Naielewa hofu yao, kwani shingo kwetu ni mahali pa kuchinja. Hata hivyo waliolifikiri jambo hili kwa ujasiri wamo pia katika historia yetu wenyewe. Abul Qasim al-Zahrawi wa Andalusi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alisimulia katika sehemu ya upasuaji ya kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, habari za kijakazi aliyejikata koo kwa kisu. Alipofikishwa kwake aliona hewa ikitoka jerahani, akaona mishipa mikubwa haikukatika, akalishona jeraha, na kijakazi akapona, isipokuwa sauti ilikwaruza. Al-Zahrawi akahitimisha kwamba mkato katika njia ya hewa hauui. Alikuwa mkweli pia, akaongeza kwamba katika nchi yake hakupata kumwona mtu aliyeufanya kama tiba. Karne moja na nusu baadaye Ibn Zuhr wa Ishbiliya hakutosheka na maneno. Alimpasua mbuzi njia ya hewa, akamtibu kwa maji na asali mpaka akapona. Hao hawakuona kwamba wanabadili maumbile aliyoyaumba Allah. Waliona wanaokoa pumzi, na Waislamu tumeamrishwa kutafuta tiba.

Tundu hilo, kwa watoto wengi, si la milele. Ni mlango wa dharura unaowapa madaktari nafasi ya kutengeneza mlango mkuu. Njia iliyobana chini ya zoloto, pengine kwa sababu mtoto alikaa muda mrefu na bomba la mashine ya kupumulia, inaweza kupanuliwa kwa kipande cha gegedu kinachotolewa ubavuni mwake. Wale wachache wanaozaliwa na pingili zilizofunga duara kamili hufanyiwa upasuaji uliobuniwa London na kuandikwa mwaka 1989: bomba hukatwa katikati ya sehemu iliyobana, kipande kimoja kinapasuliwa mbele na kingine nyuma, kisha vinatelezeshwa kimoja juu ya kingine na kushonwa. Bomba huwa fupi, lakini duara lake huongezeka maradufu. Kazi kubwa kama hiyo hufanyika katika hospitali chache duniani. Tundu la shingoni, kinyume chake, hufanyika katika hospitali zetu kubwa, Muhimbili ikiwemo. Gharama ni kikwazo cha kweli, nami sitaki kumlaumu asiyenazo. Amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa, na imamu wa msikiti aelezwe, kwani mafakiri ni miongoni mwa waliotajwa katika zaka.

Nyumbani, mtoto mwenye tundu ana mahitaji yake. Anapolia sauti haisikiki, kwa kuwa hewa haipiti kwenye nyuzi za sauti, hivyo hulala karibu na mkubwa. Makohozi hufyonzwa kwa mashine ndogo ambayo mama na angalau mtu mmoja zaidi wamefundishwa kuitumia. Moshi wa kuni, udi, ubani na poda vikae mbali naye, maana pua iliyokuwa ikichuja hewa sasa imepitwa. Haogelei baharini, na akiogeshwa au akitawadha maji yasifike shingoni. Namna ya udhu wake aulizwe sheikh, huku maelezo ya daktari yakiwa mkononi.

Mtoto huyu anaweza kwenda madrasa. Wengine huwekewa kifuniko maalumu kinachowawezesha kusema, na hivyo kusoma Qur'ani kwa sauti, ingawa kwa pumzi fupi. Mwalimu asimharakishe mwisho wa aya. Kila anapokwenda, mkoba wake uwe na bomba la akiba la saizi yake na jingine dogo kidogo, utepe wa kufungia, mkasi na mashine ya kufyonza, kwani bomba likitoka tundu linaweza kujifunga upesi. Na mwalimu aoneshwe, kabla ya siku ya kwanza, mkoba huo umewekwa wapi na bomba linarudishwaje.